Kifungu cha 12.4 ambacho hakikuwapo

Kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa wanaoisifu programu hii ya akili mnemba ninayoitolea maoni hapa, kwa kuwa inaandika barua za biashara kwa lugha safi na inafupisha nyaraka ndefu kabla hujamaliza kuketi. Ndiyo maana, miezi michache iliyopita, mteja wetu mkubwa alipouliza kama bado anaweza kurudisha sehemu ya mzigo, niliipa mkataba mzima na kuiuliza muda wa kurudisha bidhaa ni siku ngapi. Ilijibu kwamba ni siku 30, "kwa mujibu wa kifungu cha 12.4".

Namba hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu anayekutajia kifungu hadi nukta yake humdhanii kuwa anabuni. Nilimwandikia mteja siku hiyo hiyo na kutia saini. Akanipigia simu na kuniuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Ndugu yangu, mkataba wetu si unaishia kifungu cha 9?" Niliufungua tukiwa bado tunazungumza. Kweli unaishia cha 9, na muda wa kurudisha bidhaa ni siku 7, umeandikwa katika kifungu cha 6 kwa herufi nzito. Hata hivyo ahadi ilikuwa imekwisha kutoka na saini ni yangu, kwa hiyo mzigo tuliupokea na hasara tukaibeba.

Kosa lenyewe ningelisamehe. Nilichoshindwa kusamehe ni kwamba nilipoiuliza programu kama ina hakika, ilisema ndiyo. Na nilipoiambia kifungu hicho hakipo, iliomba radhi kwa unyenyekevu mwingi, kisha ikanipa kifungu cha 8.3, ambacho kinahusu vifungashio! Mwaka 2023, huko New York, wakili mmoja aliiuliza ChatGPT, ambayo nayo ni programu ya akili mnemba, kama kesi ilizompa azitaje mahakamani ni za kweli, nayo ikathibitisha. Zilikuwa za kubuni, na faini ya dola 5,000 ikawaangukia mawakili. Programu hizi huunda sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kwa hiyo kuziuliza kama zina hakika ni kuziomba sentensi nyingine tu.

Nilipolalamika, watoa huduma walinionyesha mstari mdogo ulio chini ya dirisha unaosema kwamba majibu yanaweza kuwa na makosa. Mimi sikuwa na mstari wa namna hiyo wa kumwonyesha mteja. Shirika la ndege la Air Canada nalo lilijaribu kudai kwamba roboti yake ya mazungumzo inawajibika yenyewe kwa maneno yake, na mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, likalikatalia na kuliamuru limlipe abiria aliyepotoshwa na roboti hiyo.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Kwa haki, nikiipa kifungu kimoja tu, nikaitaka inukuu neno kwa neno, kisha nikayatafuta maneno hayo mwenyewe ndani ya waraka, haijaniangusha tena, na barua zake bado ni nzuri, basi tatu. Lakini kila nikiikumbuka sauti ya yule mteja, na ile radhi iliyofuatwa papo hapo na uongo wa pili, tatu naziona nyingi mno. Naacha mbili, na tarehe, bei na vifungu haitavigusa tena katika ofisi yangu.