TAHADHARI: Muuzaji wa "Filta ya Kuokoa Dizeli" Anayevizia Pikapu kati ya Miritini na Mariakani

Ndugu zangu mnaoendesha pikapu za mizigo hapa Mombasa, naandika nikiwa na hasira ambayo siku nne za kunyamaza hazikuipoza, na aibu iliyonifanya nimfiche hata shemeji habari hii mpaka alipoisikia kwa fundi. Kuna mtu anayeuza filta ya hewa yenye umbo la koni pamoja na bomba lake la chuma linalong'aa, akiapa kwamba ukiifunga kwenye pikapu ya dizeli itakupunguzia thuluthi nzima ya mafuta. Mimi amenilia shilingi 42,000. Filta hiyo haikuniokolea hata lita moja, na sasa turbo ya gari langu, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imeliwa na mchanga.

Nataka mjue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu najua wapo watakaosema kwamba nilikuwa na pupa.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye kituo cha mafuta pale Miritini, dereva akikaza kamba za mzigo: magunia 14 ya sukari ya kilo hamsini hamsini pamoja na katoni za sabuni za wateja wa Mariakani. Mtu huyo alikuja akiwa amevaa ovaroli safi, iliyopigwa pasi, na mkononi ana boksi lililofungwa kwa karatasi ya nailoni. Alinisalimu kwa adabu, akamsalimu dereva, akasalimu hata kijana wa pampu kwa jina lake, nami nikadhani kwamba mtu anayejulikana pale hawezi kuwa mwizi. Akaniuliza, "Mama, gari hili linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba linakwenda 9.4, kwa sababu hesabu hiyo ninayo katika daftari langu la mafuta. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeona mgonjwa. "Mamangu, gari hili linapumua kwa tabu. Mtu ukimziba pua, atapanda mlima wa Mazeras?"

Aliomba ruhusa ya kufungua boneti. Akatoa filta ya karatasi iliyokuwa ndani ya kasha lake, akaigonga ukingoni mwa saruji, na vumbi jekundu la Kaloleni likamwagika mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri zamu ya pampu. Niliona haya, kana kwamba nimefunuliwa uchafu wa nyumbani. Ndipo akasema maneno yaliyonimaliza: "Sitaki pesa yako kabla hujaona kwa macho yako. Twende tupime."

Hapo ndipo aliponinasa, na ndiyo sababu naona uchungu kuliko thamani ya pesa yenyewe. Mimi sikubali neno la mtu kuhusu mafuta bila kupima. Yeye hakukwepa kipimo, alinialika. Tapeli gani, nilijiuliza, anayekuja na kipimo?

Tulijaza tanki pale Miritini, naye akasimama karibu na pampu mwenyewe. Bomba la pampu lilipojikata lenyewe mara ya kwanza alimwambia kijana asimame, kwamba hiyo ndiyo "full", tusimwage mafuta chini. Tukapanda hadi Mariakani na mzigo wote, dereva wangu akiwa kwenye usukani, malori ya kontena yamejaa mbele yetu, tukisimama na kuondoka, kiyoyozi kikiwa wazi kwa sababu ya joto. Tulipofika, tukajaza tena kabla ya kupakua, na safari hii alimhimiza mhudumu aongeze kidogo, aongeze tena, mpaka dizeli ikaonekana shingoni mwa tanki. Pampu ikaonyesha lita 3.4 kwa kilomita 22. Akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, akanionyesha: 6.5 kwa lita. "Unaona inavyokula?" Niliona, kwa sababu namba ilikuwa pale kiganjani.

Tukapakua mzigo. Siku hiyo nazi za kurudi nazo hazikuwa tayari. Akaifunga filta yake chini ya mwembe, kazi ya nusu saa, akifuta kila klampu kwa kitambaa cheupe na kumweleza dereva wangu kila hatua kwa upole wa mwalimu. Kisha akasema, "Kurudi niendeshe mimi, ili mama asikilize injini inavyopumua." Na kweli injini ilivuma kwa sauti nyingine, nene na ya kishujaa. Alizima kiyoyozi akasema tufungue madirisha tusikie vizuri. Tulishuka kutoka Mariakani tukiwa watupu, mguu wake haukugusa pedali kwa nguvu hata mara moja, na kwenye mteremko wa Mazeras gari lilijiendea lenyewe. Pale Miritini bomba lilijikata mara ya kwanza, akasema inatosha. Lita 1.6. Karibu kilomita 14 kwa lita moja.

Nilimtumia shilingi 30,000 kwa simu nikiwa bado ndani ya gari, na 12,000 jioni yake, na nikamshukuru. Nikamwambia dereva mwingine wa pikapu aliyekuwa pale kwamba nimeshuhudia kwa macho yangu. Mdomo wangu huu ndio uliomtangazia biashara mtu yule, na ikiwa dereva huyo anasoma maneno haya, namwomba msamaha.

Sasa nielezeni, ndugu zangu, ni kitu gani hasa nilichopima? Kwenda tulipanda na kilo zaidi ya mia saba mgongoni. Kurudi tuliteremka watupu. Kwenda alijaza mpaka shingoni. Kurudi alijaza mpaka bomba lilipojikata. Tofauti ya ujazo kati ya namna hizo mbili yaweza kufika lita nzima au zaidi, na katika safari iliyotumia lita tatu tu, lita moja ya kosa ni thuluthi ya hesabu yote. Thuluthi ileile aliyoniahidi! Mimi ninayejaza tanki zima kwenye pampu ileile, nikaendesha kilomita mia nne au mia tano, nikajaza tena kwa namna ileile ndipo nikagawanya, nilikubali kupimiwa gari langu kwa kilomita 22 na kiganja cha mkono.

Daftari lilisema kweli baadaye. Matanki manne baada ya filta hiyo yalinipa 9.3, 9.1, 9.5 na 9.0. Nilipompigia simu mara ya kwanza alisema injini lazima "izoee". Mara ya pili alisema dereva wangu anakanyaga sana kwa sababu ya utamu wa sauti. Mara ya tatu simu haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Fundi wa Shimanzi, yule mzee asiyependa maneno mengi, alinikalisha kwenye tairi akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingetoa hata shilingi. Katika injini ya dizeli, nguvu huamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa ndani ya silinda unapokanyaga pedali, na hewa inayoingia karibu kila mara huwa nyingi kuliko inayohitajika kuiunguza dizeli hiyo. Kuongeza njia ya hewa mahali ambapo hewa tayari imezidi hakupunguzi tone la mafuta. Kwa wale wenye pikapu za petroli, msidhani mmepona: kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia pamoja na oksijeni iliyosalia katika moshi, kisha hurekebisha petroli ili uwiano ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, kwa hiyo hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa. Mabomba ya namna hii yanaweza kumpa mtu sauti, na pengine nguvu kidogo injini inapozungushwa kwa kasi kubwa, lakini hakuna kati yetu anayebeba sukari kwa mwendo wa mashindano.

Na lile vumbi lililonitia haya pale Miritini? Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, huko Tennessee nchini Marekani, ilipima magari ya petroli ya kisasa yakiwa yamezibwa filta kwa makusudi, ikaona kwamba ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kushika kasi. Ni magari ya zamani ya kabureta ambayo filta chafu huyaongezea ulaji. Ikiwa filta iliyozibwa haiongezi ulaji wa gari la kisasa, filta iliyo wazi zaidi itaupunguzaje? Kubadilisha filta ya karatasi kwa wakati wake ni lazima kwa ajili ya uhai wa injini, nayo inagharimu sehemu ndogo sana ya nilichotoa.

Madhara ndiyo yanayonikosesha usingizi. Kasha la kiwandani huvuta hewa ya baridi kutoka pembeni, nje ya joto la injini. Koni ya tapeli huyu imekaa wazi ndani ya boneti, inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Katika joto la Mombasa mnajua wenyewe hali ilivyo chini ya boneti saa nane za mchana. Mpira wa kuziba maungio haukukaa sawa. Fundi alipopitisha kidole ndani ya bomba, upande wa nyuma ya filta, mahali ambapo hapapaswi kuwa na punje moja, kidole kilitoka chekundu. Mafuta yaliyopakwa kwenye filta hiyo yalikuwa yameifikia sensa inayopima hewa inayoingia na kuichafua, ndiyo maana gari lilianza kutoa moshi mweusi kwenye mwinuko wa Mazeras. Na mapanga ya turbo, ambayo huzunguka mara makumi ya maelfu kwa dakika, yamelika ncha kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe. Bei ya kuitengeneza sitaiandika hapa kwa sababu watoto wangu pia husoma.

Tapeli huyo alikuwa na karatasi pia, nilisahau kuitaja. Karatasi yenye muhuri na bendera, akidai kwamba serikali ya Marekani imeidhinisha kifaa chake. Ni uongo mtupu. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani haliidhinishi vifaa vya kuokoa mafuta. Limekwisha kuchunguza zaidi ya vifaa mia moja vya namna hiyo na halikupata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi kikubwa. Habari hii iko wazi kwa kila mwenye simu, na mimi nilikuwa na simu mkononi nikimtumia pesa.

Dalili zake nyingine, kadiri ninavyokumbuka: hana duka, jina lililotokea kwenye simu nilipotuma pesa halikuwa lile alilonitajia, naye akasema ni laini ya mkewe, hatoi risiti, na hakubali kukuachia kifaa ujaribu wiki moja bila yeye kuwapo. Anapenda pikapu zinazopanda na mzigo asubuhi.

Mtu huyu astahili kukamatwa, na sisemi hivyo kwa sababu ya pesa zangu peke yake. Dizeli ndiyo inayoamua kama sisi wafanyabiashara wadogo tutakula au hatutakula, kila tarehe 14 tunakaa tukisikiliza bei mpya kama watu wanaosubiri hukumu, naye amegeuza hofu hiyo kuwa mtaji. Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Nataka afungwe miaka hiyo yote. Nataka alipe turbo yangu, alipe siku ambazo gari limelala, na ovaroli ile nyeupe avuliwe mbele ya mahakama, kwa sababu ilinidanganya kuliko maneno yake. Wanaoniambia nimwachie Mungu, nawaheshimu, lakini Mungu hakukataza mtu kwenda kituoni. Hata Mahakama ya Madai Madogo ipo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Jina lake silitaji hapa kwa kuwa nimekwisha kuandikisha taarifa, na polisi wameniomba nisimshtue. Filta, bomba na klampu zote nimezifunga katika gunia na sitaziuza kwa bei yoyote, hata aliyenipigia jana akitaka kununua bomba peke yake. Ikiwa nawe ulimlipa, usifute ujumbe wa pesa uliotuma, usitupe kifaa chake, na kama una daftari la mafuta lichukue. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kituo cha polisi cha Changamwe pamoja na shemeji, tukiwa na gunia hilo.