Anodi ya boti: kabla ya kulipa, geuza utazame mgongo

Desemba iliyopita niliipandisha boti yangu mchangani Raskazoni ili ioshwe. Anodi, kile kipande cha zinki au alumini kinachoikinga mashine, niliyoifunga miezi saba nyuma ilikuwa nzima, kona zake kali kama siku nilipoitoa dukani. Nikafurahi. Fundi akapitisha kidole kwenye mguu wa mashine: rangi imevimba malengelenge, na chini yake unga mweupe.

"Dada, zinki isipolika, ujue mashine ndiyo inaliwa."

Alipoifungua tukaona kisa. Mgongo wa anodi, upande unaolalia mashine, ulikuwa umepakwa rangi ya fedha tangu ilikotoka. Anodi kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya mashine, lakini haiwezi kufanya hivyo isipogusana na mashine metali kwa metali. Rangi nyembamba tu, kinga imekatika.

Ndiyo maana umbo na ukubwa sivijadili hapa; modeli ya mashine itakupa hivyo. Mimi nasema mgongo. Ugeuze, uuone uking'aa, bila rangi wala mashimo ya kalibu. Ukishaifunga, chukua kipima-umeme cha mkononi (multimeter), ukiweke kwenye omu, ncha moja kwenye anodi, nyingine kwenye metali tupu ya mashine. Kisome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Kikisoma vingine, fungua, piga msasa, funga upya.

Chaguo langu la kwanza ni anodi ya alumini ya chapa ya Martyr, na sioni sababu ya kuficha mapenzi yangu. Uzito kwa uzito, alumini ya anodi hulinda zaidi ya mara tatu ya zinki, tena haigomi kwenye maji ya chumvi yaliyochanganyika na ya mto, jambo kubwa kwa wenye boti zinazolala Pangani mdomoni mwa mto. Alumini hii imechanganywa na zinki na metali iitwayo indiumu kidogo. Sufuria kuukuu iliyoyeyushwa haiwi anodi, hata muuzaji aape.

Ya pili ni ya Yamaha yenyewe, kwa wenye mashine za Yamaha: inakaa mahali pake bila kulazimisha bolti.

Ya tatu ni zinki yenye maandishi MIL-A-18001. Kipimo hicho cha jeshi la Marekani hakiruhusu chuma kuzidi asilimia 0.005 ndani ya zinki, kwa sababu chuma kikizidi anodi hujifunika gamba na kulala usingizi. Baharini inafaa, usiichanganye na ya alumini kwenye boti moja.

Anodi ya magnesi ni ya maji yasiyo na chumvi, Ziwa Victoria huko. Zisizo na jina, acha.

Boti inayokaa majini mwaka mzima inahitaji uichungulie anodi kila mwezi, uibadilishe ikibaki nusu. Na ukiinua mashine, hakikisha anodi mojawapo imebaki majini. Ikining'inia hewani hailindi kitu. Mafundi wa rangi nao waambieni mapema, tena mbele ya boti: anodi haipakwi.

Kinachoniuma ni madukani. Anodi imefungwa kwenye nailoni, ukiomba kuifungua uone mgongo unaambiwa ununue kwanza. Niliporudi na ile yangu, muuzaji aliitazama, akasema haipokei kwa kuwa imeshalowa. Anodi!