Darasa la kumwaga rangi Kilimani, pamoja na boksi lao la kupeleka nyumbani: uzoefu wangu

Nianze na ufa. Picha yangu ya pili imetundikwa kwenye korido hapa kwangu Donholm, Nairobi, na kona yake ya chini kulia ina ufa wenye urefu wa kidole. Wageni hudhani niliuweka makusudi, wanausifu, nami huwa nanyamaza. Ufa huo ulitokana na lile boksi la vifaa vya kumwagia rangi nyumbani, na ndio ulionifanya nikae chini kuandika haya.

Darasa lilikuwa zawadi. Mwezi wa saba nilifikisha miaka arobaini, dada yangu akanilipia nafasi katika studio moja ndogo Kilimani, ambako picha hutengenezwa kwa kumwaga rangi kwenye kanvasi badala ya kuipaka kwa brashi. Mimi kazi yangu ni hesabu. Brashi nilishika mara ya mwisho nikiwa darasa la sita. Ada ni shilingi 3,500 kwa saa mbili na nusu, na humo ndani mna rangi, aproni, glavu na kanvasi ya sentimita 30 kwa 40 ambayo unaondoka nayo. Boksi ni shilingi 4,200 mbali na ada. Hilo nililipia mwenyewe kwa M-Pesa nikiwa mlangoni natoka, bado nimelewa furaha.

Tulikuwa wanane. Mwalimu, kijana mpole mwenye rangi mpaka kwenye nyusi, alitugawia vikombe vya karatasi na vijiti, kisha kwa dakika arobaini nzima hakutufanyisha kitu kingine ila kukoroga. Nilianza kunung'unika kimoyomoyo. Rangi ya akriliki ikitoka kwenye tyubu ni nzito kama dawa ya meno, kwa hiyo unaichanganya na kimiminiko cheupe cha kuilegeza hadi iweze kutiririka yenyewe. Maji matupu hayafai. Ukiyazidisha yanaidhoofisha ile gundi inayoshika rangi, na picha ikikauka inabaki na vumbivumbi.

"Anti, hebu inua kijiti," akaniambia.

Nikainua. Rangi ikashuka kama utepe na kujenga kichuguu juu ya ile iliyokuwa kikombeni. Kichuguu kikakaa pale pale.

"Huo bado ni ugali. Mimi nataka uji."

Nikaongeza, nikakoroga taratibu, maana ukipiga kama mayai unaingiza mapovu. Nikainua tena. Safari hii kichuguu kilizama nilipohesabu moja, mbili. Hapo ndipo panapotakiwa, na rangi zote nne lazima zifike hapo hapo, kwani moja ikibaki nzito inajikunyata mahali pamoja wakati wenzake wanakimbia. Video nilizokuwa nimezitazama usiku kucha huipita sehemu hii kwa sekunde tatu. Hata tungeishia hapo ningesema pesa za dada hazikupotea.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Unamimina rangi moja juu ya nyingine ndani ya kikombe kimoja bila kukoroga, unakifunika kwa kanvasi, unavipindua vyote kwa pamoja, unangoja kidogo, unanyanyua kikombe. Dimbwi langu la bluu, nyeusi, nyeupe na dhahabu likatanuka, nami nikaanza kuliinamisha huku na huku, kama unavyozungusha mafuta kwenye kikaango cha chapati. Matundu meusi yakaanza kuchungulia ndani ya nyeupe, madogo kwanza, halafu yakafunguka moja baada ya jingine. Mwalimu anayaita seli. Binti yangu alipoyaona jioni aliyaita madoa ya chui, na nyumbani ndilo jina lake sasa.

Nilimuuliza yanatoka wapi. Kumbe mengine ni kazi ya tone moja au mawili ya mafuta ya silikoni, mengine ni ya uzito tu: rangi nyeupe hutengenezwa kwa titani, na ni nzito kuliko nyeusi inayotokana na masizi. Ukiweka nzito juu ya nyepesi, ya juu inazama na ya chini inatafuta njia ya kupanda. Akatusimulia kuhusu mchoraji wa Mexico, David Alfaro Siqueiros, aliyecheza na jambo hili kwenye karakana yake New York mwaka 1936, kijana Jackson Pollock, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri wa Marekani, akiwa miongoni mwa waliohudhuria, na jinsi watafiti wa huko huko Mexico walivyolipima maabara na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Sikumwamini sana. Nilipofika nyumbani nikajaribu kwenye vigae viwili vilivyobaki tulipokarabati bafu. Nyeupe juu ya nyeusi: ndani ya dakika chache kigae kikajaa madoa. Nyeusi juu ya nyeupe: nikapika chai, nikanywa, nikarudi, na nyeusi ilikuwa imelala tu kama blanketi.

Sasa boksi. Lina chupa sita za mililita 60 zilizoandikwa "tayari kumwagwa", kanvasi tatu za sentimita 20 kwa 20, vikombe na glavu jozi moja. Hazikuwa tayari. Bluu ilikuwa maji, nyeupe ilikuwa na mabonge kama uji ulioachwa bila kukorogwa. Mtu ambaye hajahudhuria darasa angezimwaga hivyo hivyo, angeharibu zote tatu, na angejilaumu mwenyewe. Isitoshe, nyeupe ndiyo inayotumika kuliko zote lakini wameweka chupa moja tu kama zile nyingine, ikaniishia nikiwa na picha ya pili mkononi. Kanvasi nazo zimewambwa ovyo. Ukibonyeza katikati inabonyea, rangi inakusanyika pale au kwenye kona, na panapokuwa na rangi nene ngozi ya juu hukauka kabla ya ndani, kisha ikivutwa inapasuka. Ufa wangu ndio huo.

Makosa mengine ni yangu, nisiwasingizie. Picha ya kwanza ya boksi niliilaza kwenye sakafu ya roshani ikauke. Roshani za fleti zetu zina mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, na akriliki laini inaujua mteremko huo kuliko fundi aliyeujenga. Asubuhi nusu ya chui ilikuwa kwenye gazeti. Siku hizi naazima pimamaji kwa fundi wa jirani kwanza. Halafu ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ya mawingu kutwa. Darasani tuliambiwa siku moja hadi tatu, yangu ilikaa tano kabla ya kuacha kunata. Na vikombe nilivioshea kwenye sinki la jikoni. Usifanye hivyo. Rangi hii ikikauka ni plastiki, na keateka, yaani mtunza jengo, wa ploti yetu alinieleza hilo kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa akiwa ameshika bomba lililoziba. Acha mabaki yakauke kikombeni, yatabanduka kama ngozi. Binti yangu huyakata vipande akatengeneza hereni.

Darasa ningelirudia kwa pesa zangu mwenyewe, na nimeshampeleka shemeji. Boksi siwezi kumshauri mtu. Kwa kiasi hicho hicho nilipata kipande cha merikani, fundi wa Gikomba akaniwambia kwenye fremu nne mpaka kitambaa kikalia kama ngoma, nikabaki na cha kununulia nyeupe ya kutosha. Mafuta ya silikoni nilipata kwenye duka la spea za magari Kirinyaga Road. Kumbuka tu kuyafuta kwa sabuni ya vyombo na maji picha ikishakauka barabara, kabla ya kupaka vanishi, la sivyo vanishi inajikusanya matonematone na kuacha mashimo.

Niliwaandikia kuhusu ile nyeupe. Nasema kweli, hawakubishana; siku iliyofuata boda alileta chupa mpya bila malipo. Nikaifungua mbele yake. Mabonge yale yale. Nikaichuja kwa soksi ya nailoni, nikapata zaidi ya nusu chupa, na ndiyo iliyomaliza picha yenye ufa.