TAHADHARI wenye mitumbwi ya dagaa: kuna jamaa wa "betri mpya" anazunguka mialoni

Wakuu habari zenu, hasa nyie mnaovua dagaa usiku kwa taa za sola huku Mwanza na visiwani. Kuna jamaa anapita mialoni na bodaboda, kafunga betri mbili tatu nyuma, anajiita fundi sola. Kuweni macho naye.

Anakuja alfajiri mitumbwi ndo inaingia, anagusisha mita kwenye betri na taa bado zinawaka, inasoma volti 11.8, anakwambia "hii ishakufa bosi". Sasa betri gani imebeba taa usiku kucha halafu isome vizuri saa 12 asubuhi?? Ichaji kwa sola mpaka ijae, chomoa kila kitu, iache masaa kadhaa ndo upime, ya risasi na asidi ikiwa nzima inakaa kwenye 12.6 hivi. Hilo hakwambii ng'o. Na anapenda kutokea mbalamwezi ikiishia, anajua giza likianza ndo taa zinavuta dagaa, kila tajiri (mwenye mtumbwi) anataka kurudi majini, nani ana muda wa kukaa anapima.

Ukikubali anachukua betri yako ya zamani anakupunguzia bei, unaona umeokota dodo, kumbe hiyo ya zamani ndo mzigo anaoenda kumuuzia mwenzako.

Shemeji yangu kauziwa moja kwa 180,000, kibandiko kinasema ampea 100. Usiku wa kwanza tu, saa 5 taa zimefifia, dagaa wametawanyika, wamerudi na ndoo mbili. Tukaipandisha kwenye mizani ya dagaa, kilo 14! Ampea 100 ya risasi inaenda kilo 25 na zaidi (lithium ni nyepesi kweli, ila hii sio lithium). Kibandiko kwa kulowa kilishaanza kubanduka, tukakivuta, chini kipo kingine kinasema 50, na ubavuni pamekwaruzwa na msumari jina la mtumbwi wa mwalo wa jirani. Mwenyewe tunamjua, alimpa jamaa huyo huyo betri yake mbovu. Kufungua vifuniko, maji ya kahawia yenye tope.

Kinachouma zaidi, ile ya kwanza ya shemeji inaelekea haikuwa na shida kabisa. Tuliazima betri nzima tukafunga palepale, jua kali la mchana, mita kwenye kontrola (kile kiboksi kinachopitisha chaji toka paneli kwenda betri) inasoma 14.2, ukihamia kwenye vichwa vya betri 12.9, yaani umeme unaishia njiani. Kufuata waya tukakuta umeungwa kwa kusokota ukazungushiwa tepu nyeusi, ukibandua ndani kijani tupu, na vichwa vyenyewe vimeota unga mweupe. Tukakata pale tukaweka waya mnene, vichwa tukaosha kwa maji ya magadi (vifuniko vya betri vikiwa vimekazwa, magadi yasiingie ndani), ikapanda 14.1. Gharama haikufika hata elfu kumi. Kwahiyo kabla hujanunua betri pima sehemu zote mbili kontrola ikiwa inachaji, zikipishana sana shida ni waya.

Jamaa risiti hana, namba aliyoacha haipatikani. Jana katokea mwalo wa pili, kijana mmoja akamwambia lete hiyo betri tuipandishe mizani kwanza, jamaa ghafla kakumbuka kuna mteja anamsubiri, kawasha boda.