Mshauri wa masomo au msimamizi wa mabweni: ujuzi gani wapi?

Kazi zote mbili ni za kuhudumia wanafunzi wa chuo, na zote zinadai usikivu. Mwongozo wa umahiri wa ACPA na NASPA, vyama vya taaluma hii Marekani, uliotolewa 2015, una maeneo 10, yakiwemo ushauri na sheria. Uzito ndio hutofautiana.

Mshauri wa masomo anaishi na kanuni: masharti ya kozi, alama, tarehe za mwisho. Akikosea sharti moja, mwanafunzi anaweza kuchelewa kuhitimu.

Msimamizi wa mabweni hugongewa mlango usiku wa manane. Wawili wa chumba kimoja wamegombana, au mmoja anazungumzia kujiua. Hapo hatakiwi kujifanya tabibu. Atulize, atambue hatari, amfikishe kwa mtaalamu haraka, kisha aandike taarifa isiyotiwa chumvi. Wala asiahidi kutunza siri kabla ya kuisikia (wageni wa kazi huteleza sana hapa), kwani hatari kwa maisha lazima iripotiwe.

Anayeanza, kama anaweza kuvumilia kukosa usingizi, ningemshauri aanzie bwenini. Kanuni za kozi husomeka. Utulivu wa saa nane usiku hupatikana kazini tu.