Silki uani: mpole kuliko kuku wote, mradi asilowe

Huu ni mwaka wangu wa 5 kufuga silki hapa Kisauni. Ninao majike 9 na majogoo 2, na kwa upole sijaona kuku wa kuwashinda. Ukimnyooshea mkono hakimbii. Huchutama, hubana mbawa, akangoja kubebwa. Mtoto wa miaka 3 humpakata na asidonolewe. Lakini kabla hujatoa pesa, jua jambo moja: manyoya yale yanayompendezesha ndiyo yanayomuuguza. Kwa fukuto letu na masika yetu, kazi kubwa ya kumfuga silki ni kuyaweka manyoya hayo makavu na safi. Mengine yote ni ufugaji wa kawaida.

Unyoya wa kuku wa kawaida una nyuzi zilizoshikana kwa vikulabu vidogo sana. Ndiyo maana huwa bapa na maji huteleza juu yake. Wa silki hauna vikulabu, kila uzi umejitenga na mwenzake, basi ukimpapasa utadhani umeshika pamba iliyochambuliwa. Ni kuku wa asili ya Uchina, na tangu karne ya 13 Marco Polo alisimulia habari za kuku weusi wa huko wenye nywele kama paka. Hapa Mombasa wengi wakimwona humwita kidimu. Si kidimu. Kidimu manyoya yake yamejikunja kurudi nyuma, lakini ni manyoya ya kawaida.

Ukienda kununua, mpulizie kidarini manyoya yafunguke uone ngozi: iwe nyeusi yenye rangi ya buluu kwa mbali, hata kama manyoya ni meupe pepepe. Hesabu vidole, viwe 5 kila mguu. Kuku wengi wana 4. Masikio yana rangi ya feruzi, kilemba ni cha duara chenye vinundu kama tunda la forosadi, kichwani ana kishungi, na miguu ina manyoya mpaka kidole cha nje. Usinunue kifaranga wa siku moja kwa mtu usiyemjua. Silki akipandwa na jogoo wa kienyeji, watoto wote hutoka na manyoya ya kawaida, ila vidole 5 na weusi wa ngozi mara nyingi hubaki, na kifaranga mchanga bado ana malaika tu, huwezi kumjua. Niliuziwa 6 wa namna hiyo, wakageuka chotara wote. Ngoja afike wiki 6 hivi, manyoya yatakuwa yamesema ukweli.

Jinsia ni kazi nyingine. Kabla ya miezi 5 anayekuapia kwamba huyu ni mtetea anabahatisha. Dalili ninazoziamini ni mbili: kishungi cha jike hujaa duara kama mpira, cha dume huchomoa nyuzi ndefu zinazolalia nyuma, na kilemba cha dume huanza kunenepa mapema. Jogoo huwika, ndiyo, ila sauti yake si kali kama ya kienyeji.

Upole huu una hasara yake. Silki hajui kujitetea, na kishungi humziba macho asimwone anayemjia. Usimweke pamoja na kuchi, wale kuku wa kupigana, hata siku moja. Wengine pia wana uvimbe mdogo utosini, ambapo fuvu halikuziba vizuri, hivyo kudonolewa kichwani kunaweza kumuua. Mimi hupunguza nyuzi zilizo mbele ya macho kwa mkasi wenye ncha butu, kila baada ya wiki 4 au 5, mmoja akimshika kichwa na mwingine akikata. Tofauti huiona siku hiyohiyo: kuku aliyekuwa akishtuka ovyo hutulia na kula vizuri.

Banda liwe juu ya ardhi, angalau sentimita 40, na paa la makuti lililoshuka vya kutosha upepo wa mvua usiingie. Silki haruki, kwa hivyo usimwekee kitulio cha juu. Ubao mpana ulio sentimita 20 kutoka chini unamtosha. Ukimwacha bila kitu, wote hurundikana kona moja na kulaliana juu ya mavi. Sakafuni tia maranda makavu kina cha vidole vinne, si unga wa mbao, maana unga huganda kwenye ndevu, yaani manyoya ya kidevuni, na miguu. Akilowa mvua hutota mpaka kwenye ngozi, akaanza kutetemeka. Mfute kwa taulo mpaka akauke, usimwache akaushwe na upepo. Matope yakigandamana vidoleni, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 ndipo uyatoe. Ukiyavuta yakiwa makavu utang'oa ukucha.

Maji usimpe kwenye beseni wala sufuria. Ndevu zinalowa kila anapokunywa, zinashika pumba, na baada ya siku 3 shingo inanuka. Tumia kinyweshi chenye mdomo mwembamba. Maji ya kisima yenye chumvi, na mengi ya visima vyetu ndivyo yalivyo, huwafanya waharishe majimaji. Mimi huwapa ya mvua au ya bomba. Kaskazi, kati ya Januari na Machi, wape chakula saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, kwa sababu kula jua kali huwaongezea joto mwilini. Mkubwa mmoja anatosheka na gramu 80 hivi za chakula cha kutaga kwa siku. Machicha ya nazi wanayapenda, ila yawe ya siku hiyohiyo, yakilala huchacha.

Utitiri ndio adui wangu wa kudumu, kwa kuwa manyoya mazito na unyevu huwapa mahali pa kujificha. Wakague usiku kwa tochi, chini ya mbawa na kuzunguka tundu la mavi. Ukiona vidoa vinavyotembea, wapake wote dawa ya unga ya agroveti, kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwani mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza. Nyufa za banda zipake chokaa. Chanjo ya mdondo usiiruke: mimi huirudia kila miezi 3, tone moja jichoni, alfajiri, na dawa naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu. Silki pia hupatwa na shingo kupinda kwa kugongwa kichwa au kukosa vitamini E, na watu hudhani ni mdondo. Mdondo haumshiki mmoja peke yake: wengine huanza kuzubaa, kuhema na kuharisha kijani. Akiwa ni mmoja tu na bado ana hamu ya kula, mtenge, mpe vitamini E na umsaidie kunywa. Wangu wawili walinyooka baada ya wiki kadhaa.

Kwa mayai tu, usimchukue. Ni madogo, ya rangi ya malai, na kwa mwaka hupata kama 100, kwa sababu kila akitaga kidogo anataka kuatamia. Thamani yake iko hapo kwenye kuatamia. Muwekee usiku, gizani, mayai yake 8 au ya kienyeji 6, yasizidi, ili kidari kiyafunike yote. Mtoe mara moja kila siku ale, anywe na anye, la sivyo atakonda juu ya mayai. Siku ya 7 yamulike kwa tochi ya simu, yasiyo na mishipa yatoe. Siku ya 21 huangua, na ukimpa mayai ya bata mzinga atakaa siku 28 bila kuchoka. Kabla ya kuzalisha, punguza manyoya ya nyuma ya jike na dume. Wakiachwa hivyo mayai mengi hutoka bila mbegu. Vifaranga wakitoka, wafunike kwa wavu wa matundu ya nusu inchi, juu na ubavuni. Kunguru wa Mombasa hawangoji mama yao ageuke.