Lenzi ya Milimita 35 kwa Kuzunguka Mitaani: Uzoefu Wangu

Lenzi hii nimeitumia vya kutosha, na sasa naweza kuisema uzuri na ubaya wake. Ni ya milimita 35 (namba hii ikikua, lenzi huona eneo jembamba zaidi), haina zumu, tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na naifunga kwenye kamera yenye kihisi, yaani kipande kinachonasa picha, cha milimita 36 kwa 24. Niliinunua kwa kazi moja: kuingia mitaa ya miji nisiyoijua na kutoka na picha za mtaa wenyewe, si za minara inayochapwa kwenye kadi za watalii.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiishika kamera kwa ulalo, upana wa picha unakaribia kulingana na umbali uliosimama: mita 3 kutoka ukutani, unapata mita 3 za ukuta. Hapo unaingia mlango mzima, ngazi zake, mtu aliyekaa kizingitini na kipande cha dirisha la jirani. Kwa lenzi ya milimita 200 ningerudi nyuma hadi karibu mita 17 kutoka ukutani kupata upana huohuo, na mtu yule asingejua kama nimempiga. Kwa hii anajua. Inabidi nimsalimie na kumwomba, na mara nyingi ananihadithia jengo lile lilikuwa nini zamani na nani alihama. Maneno hayo ndiyo yanayonipeleka kwenye kona inayofuata.

Eugène Atget, aliyeipiga picha Paris ya zamani hadi alipofariki mwaka 1927, alibeba kamera nzito ya mbao na sahani za kioo za sentimita 18 kwa 24. Alikuwa haachi milango, ngazi, nyua na madirisha ya maduka. Kwake nimejifunza kutafuta vitu vinavyoguswa kila siku: kitasa kilichong'aa upande mmoja, ngazi iliyolika katikati, ukuta uliochakaa kwenye usawa wa mabega kwa sababu watu huuegemea wakipiga soga. Lenzi hii inakuonyesha kitasa na bado inakuachia nafasi ya barabara nyuma yake, ukajua uko wapi.

Kwenye mtaa wenye pilikapilika nazima ulengaji wa kujiendesha, naweka f/8 na kulenga mita 3. Kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kinatoka wazi, kwa hiyo macho yangu yanabaki kwa watu, si kwenye kioo cha kamera.

Kasoro zipo. Pete ya tundu ni laini mno. Ikisuguana na begi inahama, na ukija kustuka picha zimeungua kwa mwanga. Kwenye f/2 pembe za picha zinaingia giza, jambo linaloudhi ukipiga ukuta mweupe. Mvua nayo haiiwezi, na kwa msafiri hilo ni pungufu kubwa kwa bei waliyoiweka.

Anayependa ndege au michezo asiinunue. Anayependa mitaa na aichukue, hata ya mtumba, ila kwanza amulike tochi ndani ya vioo kutafuta nyuzi za ukungu, aangalie kama vipande vya tundu vina mafuta, na azungushe pete zote mbili, ya tundu na ya kulenga, mwanzo hadi mwisho kabla ya kutoa pesa.